Chumvi ya Kupima Nyumba

Jamhuri, Nairobi
14 Aprili 2025

Kwako Ngui, mwana wa mama,

Mko vipi huko Mutomo? Mke wako Mwongeli mgongo umemwachia? Hapa sisi wote ni wazima, na nikisema wote nina maana mimi na paka. Jackie wangu yuko salama. Bado yuko kwenye ile ofisi ya bima Hurlingham, bado anaishi Kileleshwa ghorofa ya tano, bado hajaolewa, na ukimuuliza anakwambia lifti imeharibika, kana kwamba wachumba wameshindwa na ngazi.

Usishangae kupata barua. Sikio la kulia limekwisha, na la kushoto linanisikiliza likipenda. Nikishika simu napiga kelele mpaka Wahu wa nyumba ya pili ananijibu kupitia ukutani. Barua hii nampa Nzomo, kondakta wa basi la Mutomo, akuletee mkononi. Nawe nijibu kwa njia hiyohiyo, tuongee mambo yetu bila majirani wa estate nzima kuchangia.

Sasa jambo lenyewe. Naona haya kuliandika, maana sisi tulilelewa tusilalamikie maji hata yakitubeba. Lakini nyumba yangu inatoka jasho, Ngui. Tangu mvua ianze, kuta za ndani zimelowa kama mtu mwenye homa. Sukari imekuwa jiwe. Milango imevimba haifungi. Biblia imefura hata Mwanzo haikutani tena na Ufunuo. Nyuma ya kabati kuna kuvu jeusi, nalisugua leo, wiki ijayo liko palepale. Na mimi nakohoa.

Jumapili Jackie alikuja baada ya kanisa, akafungua kabati atafute sweta, akakuta koti la marehemu baba yake limeota manyoya ya kijani. Alikaa kwenye kiti akinisikiliza nikikohoa, halafu akanipa hukumu. Shoo ya Jamhuri, yale maonyesho ya kilimo ya mwisho wa Septemba, ikifika na kuta bado zimelowa, nahamia kwake Kileleshwa na nyumba hii inapangishwa.

Sitaki kuondoka, Ngui. Nakwambia mapema na wazi usije ukajifanya hukuelewa. Kaindi na mimi tuliingia hapa tukiwa na godoro na redio. Hapa nilizaa, hapa nilifiwa. Wewe umemaliza ujana wako kwenye bohari ya nafaka ukizuia mahindi ya watu yasiote kuvu. Niambie basi nyumba nayo inazuiwaje.

Ni mimi dada yako mwenye kikohozi,
Munyiva


Mutomo
3 Mei 2025

Dada Munyiva,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, kwa hiyo najua Nzomo aliisomea hotelini. Nakusalimia sana. Mwongeli anakusalimia akiwa amesimama wima, na hilo peke yake ni habari njema. Wajukuu wamefungua shule. Mvua ilipita huku, tuliiona. Tuko salama.

Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Binti wa Mutomo, nchi ya ukame, analia kwa sababu ana maji mengi! Usimwambie mtu mwingine wa huku, watakutoa kwenye ukoo.

Lakini hilo la kifua si la kucheka. Nakuomba uanze na paa. Nyumba hizo za Jamhuri ni za zamani na vigae vyake vimechoka. Ita fundi apande aangalie kigae kilichopasuka. Aangalie gata za maji ya paa kama zimeziba, maana maji yakikosa njia yanaufuata ukuta. Halafu azunguke nyumba chini. Mahali udongo umerundikana kando ya ukuta, autoe, kwa sababu ukuta unanyonya maji kwa miguu. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ukuta tayari unao, ziba tu.

Usimkasirikie Jackie. Mtoto anayekupa hukumu ni mtoto anayekujali, wengine wangekupa maua tu siku ya kukuzika.

Wasalaam kutoka kwa mdogo wako asiyekua,
Ngui


Jamhuri
31 Mei 2025

Ngui wa mama,

Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa nimeshinda. Sasa naona nikingoja ushindi tutaandikiana mbinguni. Salamu kwa Mwongeli. Kwaya yetu imepata mwalimu mpya, kijana mwembamba anayetupigisha sauti ya tatu mpaka meno yananitikisika. Wahu amepata mjukuu, wamemwita Jamleck, ana sauti kubwa hata mimi namsikia.

Fundi Were alikuja, mtu mpole asiye na haraka. Alipanda paani akateremka na majani ya mjakaranda ya miaka kumi. Akabadilisha vigae viwili. Akatoa udongo wote wa bustani yangu ya waridi uliokuwa umeegemea ukuta, na mawaridi yangu sasa yanaishi kwenye makopo kama wakimbizi. Kweli, nje ukuta umekauka na umerudi rangi yake.

Ndani jasho liko vilevile.

Nimekata tamaa kidogo, sikufichi. Jackie ameleta picha ya mashine ya stima inayokunywa maji yaliyo hewani. Nikamuuliza, ikishamaliza ya hewani itaanza kunywa ya nani? Mimi nimekauka vya kutosha. Alicheka, lakini nilimwona akiangalia dari kama mtu anayepima pazia la mpangaji. Ametaja tena Shoo. Ameshafungua nafasi kwenye chumba chake cha pili, amenunua hata kitanda. Kitanda kizuri, Ngui. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mtu anayenunua kitanda hatanii.

Na wewe mbona huniambii habari za ndengu? Mwaka jana kwenye simu uliniongelea ndengu za shambani kwako saa nzima. Nataka kujua.

Dada yako,
Munyiva


Mutomo
14 Juni 2025

Dada,

Pole kwa mawaridi. Ndengu ni ndengu tu, mwaka mmoja hivi, mwaka mwingine vile. Hebu turudi kwenye nyumba.

Nimefikiria sana, na naona nilikosea. Mimi nilidhani maji yanatoka nje yanaingia ndani. Kama nje pamekauka na ndani hapajakauka, basi maji yako humohumo ndani na yamekosa pa kutokea. Sasa tupime, tusibahatishe.

Kule bohari mkulima alikuwa anakuja ameapa kwa jina la mama yake kwamba mahindi yake yamekauka. Hatukubishana naye. Tulichukua chupa ya kioo, tukatia punje zake na chumvi kavu, tukatikisa, tukanywa chai. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji, rudi juani. Chumvi ikiteremka chini bila kugusa kitu, karibu, weka gunia. Wengine walikasirika sana. Lakini utagombana vipi na chumvi? Haina jamaa, haina kabila, haiombi chai.

Fanya hivi. Kaanga chumvi kwenye kikaango kikavu mpaka itiririke kama mchanga. Weka kijiko kimoja kwenye sahani ndogo, sahani moja kila chumba, asubuhi. Funga milango ya vyumba uendelee na maisha yako kama kawaida. Usibadilishe kitu ili kunifurahisha mimi. Jioni pitia uone. Palipo na maji mengi hewani chumvi itashikana, na palipozidi italowa kabisa. Uniandikie kila chumba kilivyosema, na uniambie siku hiyo ulipika nini na nguo ulianika wapi.

Mwongeli anasema ujifunike kifua. Mimi nasema hivyohivyo.

Ngui


Jamhuri
7 Julai 2025

Kwa mpima chumvi mkuu wa Mutomo,

Salamu kutoka kwenye baridi. Huku jua tumelisahau, mawingu yamekaa juu ya Ngong Road tangu Juni kama wageni wasiojua kuaga. Navaa soksi mbili mbili. Jackie amepandishwa cheo kazini, tumshukuru Mungu, sasa ana kiti kinachozunguka. Mwalimu wa kwaya ameugua koo, sisi tumepumzika na tumemwombea apone polepole.

Nilifanya ulivyosema. Paka aliilamba ile ya kwanza ya sebuleni ikabidi nianze upya. Ya sebuleni imeshikana kidogo tu. Ya chumbani kwangu imekuwa donge. Ya chumba alicholala Jackie akiwa mdogo imekuwa donge pia, lakini humo nilikuwa nimefunga kamba yenye nguo za wiki nzima, kwa kuwa nje hazikauki. Ya jikoni, Ngui, ilikuwa uji. Lakini siku hiyo nilichemsha muthokoi, na unajua mahindi yaliyokobolewa hayaharakishwi, sufuria ilikuwa motoni tangu baada ya chai ya asubuhi. Dirisha nilikuwa nimelifunga kwa sababu ya baridi. Nilipoingia, kioo cha dirisha kilikuwa kinateremsha maji kama uso wa mtu msibani.

Basi hivyo ndivyo vyumba vilivyosema. Nisaidie. Shoo si mbali, na ile ya chumbani kwangu ilinishtua. Nimekuwa nikilala ndani ya donge.

Wako,
Munyiva


Mutomo
19 Julai 2025

Dada Munyiva,

Hongera kwa Jackie na kiti chake. Huku tu wazima. Mjukuu wetu Kitavi amevunja dirisha la shule na amesema ni upepo.

Sasa nisikilize kwa sikio la kushoto. Muthokoi upike nje barazani kwenye jiko la makaa, kama mama alivyopika. Ukishindwa, funika sufuria, fungua dirisha la jikoni, funga mlango wa kwenda sebuleni, ule mvuke utoke uende kwa Mungu na usiende chumbani kwako. Nguo zianike barazani hata zikichukua siku tatu. Saa sita ya mchana, hata jua likichungulia kidogo tu, fungua madirisha ya pande zote mbili upepo upite. Baridi ya upepo haina ubaya kama baridi ya maji. Kabati zisogeze zisiguse ukuta, kiasi cha ngumi kuingia nyuma. Weka makaa makavu ndani ya kabati kwenye kikapu, yanavuta unyevu, ukiona yamelowa yaanike urudishe.

Na yale matundu ya hewa juu ya madirisha, ambayo waliozijenga nyumba hizo waliyaweka kwa akili, je, yako wazi? Nijibu kwa ukweli.

Halafu kuna jambo jingine, mwana wa mama. Nyumba hiyo naijua. Nilipokuja Nairobi kutafuta kazi nililala chumba cha nyuma, kile kilichopakana na choo, na wewe na Kaindi mlinipa blanketi lenu zito mkabaki na jepesi. Sijasahau mpaka leo. Chumba hicho kimeenda wapi? Chumvi yake ilisemaje?

Ngui


Jamhuri
18 Agosti 2025

Ngui,

Salamu. Sisi wazima.

Matundu nilikuwa nimeyaziba mwenyewe kwa matambara, ule mwaka wa mbu wengi. Nimeyazibua. Muthokoi napika barazani, na Wahu anapitia kila mara kuonja, kwa hiyo sasa napika mwingi zaidi. Makaa yako kabatini. Sebule imekauka, ukiigusa inakujibu kama ukuta wa kawaida. Chumbani kwangu kumepungua lakini hakujaisha, na upande wa korido bado kuvu linarudi.

Chumba cha nyuma ni stoo. Stoo haipimwi.

Nzomo yuko mlangoni, ngoja nimpe chai.

Munyiva


Mutomo
20 Agosti 2025

Dada yangu Munyiva,

Nzomo amefika na barua yako na mdomo wake, na huo mdomo hauna mfuniko. Anasema aliomba kwenda choo, akakosea mlango, akadhani ameingia kwenye bohari ya kaunti. Mapipa mpaka dirishani. Mitungi, ndoo, mabeseni chini ya meza, sufuria za harusi, hata ile chupa ya chai niliyokupa Krismasi, vyote vimejaa maji, na vingi viko wazi. Alisema alipofungua mlango, hewa ilimpiga usoni kama ya bafu.

Nimecheka sana. Kikulacho ki nguoni mwako! Tumepandisha fundi paani, tumeyafukuza mawaridi, tumezuia mvua ya Nairobi nzima, kumbe bwawa liko ndani ya nyumba nyuma ya mlango uliofungwa, na dirisha halifunguki kwa sababu limezibwa na pipa.

Kisha nikaacha kucheka. Nikamkumbuka msichana aliyekuwa akiteremka mto Tiva wakati wa kiangazi kile kirefu, anachimba mchanga, anangoja maji yakusanyike, anayachota na kibuyu. Siku moja ulirudi na mtungi mtupu. Mama hakukukemea. Aliupokea akauweka kona, tukalala. Mimi nilikuwa mdogo lakini nilikuona uso. Tangu siku ile sijawahi kuona chombo kitupu mahali ulipo wewe. Na Nairobi nayo mifereji ya nyumbani ikikauka siku mbili tatu, unapata sababu ya kujaza tena.

Najua utaniambia akiba haiozi. Ni kweli, akiba haiozi. Lakini hii yako inaozesha nyumba, na imeanza kuozesha kifua. Jackie akifungua ule mlango kabla yako, hutakuwa na la kumjibu. Acha pipa moja, lifunike, liweke nje. Mengine yatoke.

Sikugombezi. Nakuonea huruma, na nakupenda, na nataka ubaki kwako.

Ngui


Jamhuri
20 Agosti 2025

Ngui, mwongo wewe,

Leo sina salamu. Nzomo alikunywa chai yangu vikombe vitatu akanieleza yote. Anasema mvua ya huko ilinyesha siku chache ikaenda, na tangu Pasaka hamjaona tena tone. Ndengu zimekauka zikiwa na maua. Wewe na Mwongeli mnanunua maji kwa mwenye punda, Mwongeli na huo mgongo, na mna pipa moja lenye tundu ambalo umeliziba kwa lami.

“Mvua ilipita huku, tuliiona.” Nimeitafuta barua yako nikaisoma tena. Kweli hukudanganya hata neno moja! Umeniandikia kurasa na kurasa za gata, na zako hazina cha kupitisha. Uliponiambia pole kwa mawaridi, shamba lako lilikuwa limekufa.

Nilikaa jikoni nikalia. Nililia kwa hasira, halafu nikalia kwa kitu kingine, kwa sababu niliinuka nikafungua mlango wa chumba cha nyuma na kuangalia yale maji yote. Sasa nakwambia mwenyewe kabla Nzomo hajakwambia, kama hajakwambia. Chumba hicho kimejaa maji, Ngui. Nakusanya tangu Kaindi afariki. Nikiamka nikasikia mfereji unakoroma bila kitu, roho inanitoka, mpaka niende nikaguse pipa. Jackie hajui. Anafikiri ni vitu vya baba yake, na kwa heshima hafungui.

Mimi ninayo yananimaliza, na wewe huna. Aliyetugawia alikuwa anaangalia wapi?

Usinijibu kwa utani.

Munyiva


Jamhuri
10 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Barua zetu zilipishana mlangoni kwangu, yangu ikitoka na yako ikiingia, mikononi mwa yuleyule msaliti. Nimekusamehe, na najua umenisamehe. Salamu nyingi kwa Mwongeli, mwambie wifi yake anamwona shujaa.

Sasa sikia nilivyofanya. Ulisema maji yatoke. Ni neno rahisi kulisema ukiwa Mutomo! Nilishika pipa la kwanza nililimwage uwanjani, mikono ikakataa. Sikutania, ilikataa. Nikaona basi, haya maji hayamwagwi, yatafanya kazi. Nimefua mapazia yote ya nyumba hii. Nimefua mablanketi, hata lile zito. Nimeosha kuta kwa Jik, ile dawa ya kuua kuvu, kutoka dari mpaka chini, nimefunga kitambaa puani na madirisha yote wazi, Were akinisaidia kule juu. Wiki iliyofuata mifereji ikakauka Jamhuri nzima, kama kawaida yake, na mstari wote wa nyumba zetu ukaja na ndoo. Nilisimama mlangoni nikigawa maji kama chifu. Wahu amemwagilia sukuma wiki yake mpaka imenenepa kuliko yeye.

Likabaki pipa la mwisho. Hilo sikuwa na la kulifanyia, nyumba imeng'aa, majirani wametosheka. Nikachemsha sufuria kubwa, nikachanganya, nikaoga. Nilioga pipa zima, Ngui. Beseni baada ya beseni, bila kuhesabu, dirisha la bafu wazi, mvuke ukitoka kwenda kwa Mungu kama ulivyosema. Tangu nizaliwe sijawahi kuoga hivyo. Nilitoka nikiwa mwepesi, nikacheka peke yangu kwenye korido na taulo kichwani.

Nimeacha pipa moja la bluu, liko nje chini ya gata, lina mfuniko na jiwe juu yake. Mengine yote na mitungi nimempa Kiarie, mwenye lori linalokuja huko kuchukua mbuzi. Anakuja na lori tupu, asinipigie kelele za nauli. Yapokee, na usinirudishie shukrani ndefu.

Chumba cha nyuma kimekuwa kikubwa. Nilikuwa nimesahau kina dirisha.

Munyiva


Mutomo
22 Septemba 2025

Dada,

Yamefika. Shukrani fupi: asante.

Mwongeli ameyapanga chini ya mabati upande wote wa nyumba, na ameyafunika moja moja. Yako matupu bado. Lakini watu wanapita barabarani wanasimama kutazama, na mzee wa kanisa ameuliza kama sisi tumesikia habari za mvua ambazo wengine hawajasikia. Mwongeli akamwambia ndiyo.

Najua unajiuliza kwa nini sikukwambia. Ningekwambia, ungeacha nyumba yako ikuangukie ukaanza kuhangaika na yetu. Tena mtu akiwa mbali, shida ya mwenzake huwa kubwa kuliko ilivyo. Tunakula, tunalala, mbuzi wapo. Mwenye punda ni mtu mzuri na anaimba.

Jackie alinitumia ujumbe kwa simu akiuliza kama namsaidia kukushawishi uhame. Nilimjibu kwamba mimi kazi yangu ni kupima nafaka, na matokeo bado. Kwa hiyo pima tena, vyumba vyote safari hii, na stoo ikiwemo. Shoo ni wiki ijayo. Nimekuwa na wasiwasi na hiyo sahani kuliko na mawingu.

Ngui


Jamhuri
7 Oktoba 2025

Kwako Ngui, mpimaji wangu,

Mko vipi, na mawingu je? Hapa Shoo imekwisha juzi, vipaza sauti vimenyamaza, na mimi nilivifurahia kwa kuwa ndiyo sauti pekee niliyoisikia vizuri mwaka huu. Kwaya tuliimba mwisho wa Septemba. Sauti ya tatu ilitoka.

Nilipima. Chumvi ya sebuleni, ya chumbani kwangu, ya jikoni, ya chumba cha Jackie na ya chumba cha nyuma, zote ukizipuliza zinaruka. Nilikaa chini nikazitazama kama mwanafunzi aliyepata karatasi yake. Ukuta wa korido Were ameupaka chokaa, amesema rangi za kung'aa zinaubana ukuta usipumue.

Halafu nilifanya utundu, na usinigombeze. Jackie alinialika Kileleshwa nikakione kile kitanda. Nikaenda na chumvi kwenye mkoba. Ngui, nyumba ile ni nzuri kwa macho, lakini bafu halina dirisha, nguo ameanika sebuleni, na vioo havifunguliwi kamwe kwa sababu ya vumbi la mjengo wa jirani. Nikaweka sahani yangu chini ya kitanda kipya, tukala, tukaongea, tukatazama taarifa ya habari. Wakati wa kuondoka nikaitoa. Uji. Jackie akauliza hiyo ni nini, nikamweleza, akainama akaangalia nyuma ya kabati lake. Kuvu lilikuwa humo. Nilitamani kucheka nikajizuia, maana uso wake haukuwa wa kuchekwa.

Jumamosi jioni akaja hapa na begi dogo. Alisema amekuja kuniona tu. Nikamwonyesha nyumba yote, na mlango wa nyuma nikamfungulia mwenyewe, nikamwambia kilichokuwamo humo na kwa nini. Sikumficha kitu, hata ule mtungi mtupu. Alinishika mkono tukaingia pamoja. Chumba hicho ndicho alichochagua kulala. Nikamtandikia.

Jumapili niliamka, nikapika chai, nikamaliza chai, hajatoka. Nikaogopa kwamba ameugua. Kumbe amelala fofofo, dirisha wazi, mdomo wazi, kama alipokuwa mtoto. Alipoamka saa nne hivi alikaa kitandani akiangalia ukuta, halafu akaniambia, “Mama, nilikuja kusikiliza kifua chako usiku. Nikapitiwa na usingizi.”

Nikamwambia hakuna alichokosa, sikukohoa.

Alinywa chai. Shoo ilikuwa inafungwa siku hiyo na wala hakuitaja. Akaosha vikombe, akavipanga, akasimama mlangoni na begi lake. Nikajua sasa anasema. Akaniomba ufunguo wa nyumba. Nikafikiri, Ngui, ni wa kumpa mpangaji. Nikamuuliza wa nini. Akasema wake, wa kuingilia, kwa sababu Ijumaa anatoka kazini akiwa amechelewa na hataki kuniamsha.

Leo asubuhi nimekwenda kuuchongesha Ngong Road. Fundi aliniuliza kama nataka mmoja au miwili. Wa pili ni wako, huu niliouweka kwenye bahasha.

Nduguyo anayebaki kwake,
Munyiva